Mafungu ya Nyanya na Daftari la Hesabu

Jioni, soko la Mulongwe mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, likiwa limejaa, utamkuta mtoto wa miaka tisa ameketi nyuma ya beseni la karanga zilizofungwa kwenye vikaratasi. Mteja anachukua vitatu, kila kimoja franka 200, na kutoa noti ya 1000. Mtoto hashiki kalamu. "Mia mbili, mia ine, mia sita," anahesabu kwa sauti ndogo, anarudisha franka 400, biashara imekwisha. Kesho yake mwalimu anaandika ubaoni 1000 − 600. Mtoto yuleyule anapanga tarakimu juu na chini kama alivyofundishwa, anapiga mstari, na jibu lake ni 1600. Katoa 600 kwenye 1000, kabaki na nyingi kuliko alizoanza nazo, wala hashtuki.

Ukimfuata hatua kwa hatua utaona alichofanya. Sifuri toa sifuri, sifuri. Inayofuata, sifuri tena. Kisha akakuta sifuri juu na 6 chini. Sita haitoki kwenye sifuri, basi akageuza, sita toa sifuri, akaandika 6. Ile 1 haikuwa na mwenzake chini, akaishusha ilivyo. Huo si uvivu wala ujinga. Ameshika nusu ya kanuni, na hiyo nusu anaitumia kwa uaminifu wote. Sokoni alikuwa na noti anazozijua. Darasani ana alama zisizomwambia kitu. Hesabu hizo mbili hazijawahi kukutanishwa kichwani mwake.

Jambo hili si la Uvira peke yake. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha walichokiona kwa watoto wachuuzi wa Recife, mji wa pwani ya Brazili. Watoto walikuwa watano, wa miaka 9 hadi 15. Walipoulizwa hesabu palepale penye bidhaa, kama mteja anavyouliza, walipatia karibu mara 98 katika kila 100. Hesabu za namna hiyohiyo zilipoletwa kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala limau, walipatia mara 37 tu. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja cruzeiro 35. Mwenye kufuata kanuni ya shule angeongeza sifuri mbele ya 35 akamaliza. Yeye alianza na nazi tatu, 105, kwa kuwa bei ya tatu aliijua kwa mazoea. Akaongeza tatu nyingine, 210. Akaongeza tena, 315. Akamalizia na moja, 350. Njia ndefu, lakini kila hatua alijua anafanya nini na kwa nini.

Kwa hiyo ninachowaomba wazazi na walezi wa Uvira, wa bonde la Ruzizi na wa vijiji vya kando ya ziwa hadi Makobola na Baraka, ni hiki: msigeuze nyumba kuwa darasa la pili. Mtoto akitoka masomo hahitaji ubao mwingine, mistari mingine ya kunakili na sauti nyingine kali. Anahitaji mtu wa kumsaidia kuunganisha kile mikono yake inachokijua na kile daftari linachotaka. Kazi hiyo inafanyika vizuri zaidi nyumbani kuliko darasani, na inaweza kufanywa na mama asiyejua kusoma.

Tena kazi hiyo haisubiri shule ifunguliwe. Elimu ya msingi ilipofanywa bure kuanzia Septemba 2019, watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa ada waliingia shuleni, na hilo ni jema kubwa. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na leo mwalimu wa mwaka wa kwanza aliye na watoto sabini au themanini mbele yake si ajabu. Machi 2020 shule za nchi nzima zilifungwa kwa sababu ya Korona. Kabla mwezi mmoja haujapita, usiku wa kuamkia 17 Aprili, mto Mulongwe ukafurika na kubeba nyumba na watu. Mwaka wa masomo wa 2024-2025 ulianza na mgomo wa walimu, na Februari 2025 vita vikasukuma makumi ya maelfu ya watu kuvuka Ruzizi kwenda Burundi. Mtoto wa miaka sita akikosa miezi mitatu ya mwanzo, amekosa namba zenyewe, na kila kinachokuja baadaye kinasimama juu ya hizo.

Anza basi na kuhesabu, na usidanganywe na wimbo. Watoto wengi wa miaka mitano hupiga moja hadi makumi mbili bila kukosea, na wazazi hufurahi. Kujua wimbo huo ni mwanzo mzuri, lakini bado hakujawa kuhesabu. Panga mbele ya mtoto vifuniko saba vya chupa za Primus na muulize viko vingapi. Mwangalie kidole: je, kila kifuniko kinaguswa mara moja, au kidole kinakimbia mbele ya mdomo? Akifika saba, muulize tena kwa upole, "Kwa hiyo viko vingapi?" Mtoto aliyeelewa atasema saba. Ambaye bado hajaelewa ataanza upya: moja, mbili, tatu. Huyo anadhani swali lako ni amri ya kuimba. Hajajua kwamba neno la mwisho ndilo jina la rundo zima. Rochel Gelman na C. R. Gallistel waliliandika jambo hili katika kitabu chao cha mwaka 1978 kuhusu watoto na namba, na kila mwalimu wa mwaka wa kwanza hukutana nalo hata kama hajawahi kusikia majina hayo.

Kipimo cha pili ni kigumu zaidi. Mwambie, "Niletee vijiko vitano." Hapa hakuna rundo lililopangwa tayari, lazima ajue pa kusimama. Wengine watabeba vijiko vyote kwenye kiganja. Usicheke wala usimwambie amekosea. Vihesabuni pamoja, mrudishe vya ziada, na kesho mwombe vitatu. Nyumba zetu zimejaa kazi za namna hii: sahani za wanaokula leo, viti vya wageni, mafungu ya sombe, samaki wa kuweka kwenye kila sahani. Familia zinazoanika ndagala zina kazi nzuri kuliko zote, maana mtoto anaweza kupanga safu za kumi kumi pembezoni mwa turubai wakati mama anageuza wengine. Ndagala saba wakitawanywa mbali mbali bado ni saba? Mwulize. Jibu lake litakushangaza mara nyingi, na litakuambia alipo kuliko bilite nzima ya alama za muhula.

Hadi hapo sijasema neno juu ya kuandika. Ni makusudi. Mtoto ambaye hawezi kukuletea nane bila kubahatisha, alama 8 kwake ni mchoro tu. Na akishaanza kuandika, tarakimu 3 au 7 iliyogeuzwa kama kwenye kioo isikukoseshe usingizi. Kwa mtoto wa miaka sita ni kawaida, na wengi huiacha wenyewe. Mwonyeshe, aandike tena mara moja, muendelee.

Sasa tuje kwenye kumi, maana hapa ndipo watoto wengi wanapoachwa bila mtu kutambua.

Kateni matete. Kando ya ziwa na katika bonde yapo ya kutosha. Yakikauka yanakatika vizuri kwa kisu, vijiti vya urefu wa kidole kirefu. Shule nyingi humwomba mtoto wa mwaka wa kwanza aje na vijiti vyake, na wazazi humkatia vichache asubuhi ya kwanza, kisha vinapotea. Vyenu vya nyumbani viwe mia moja, vikae kwenye kopo. Mpe mtoto mikono yake yote miwili: ahesabu kumi, afunge kwa uzi wa mgomba, aweke pembeni. Ahesabu kumi nyingine, afunge. Mkono unaofunga ndio unaojifunza, kwa hiyo usimfungie. Akishakuwa na mafungu matatu na vijiti vitano peke yake, muulize: vyote viko vingapi? Siku za mwanzo atafungua mafungu na kuhesabu kimoja kimoja hadi mwisho. Mwache. Siku moja atasema, "Kumi, makumi mbili, makumi tatu, na tano," bila kufungua, na siku hiyo ameelewa jambo ambalo wengine wanafika mwaka wa nne bila kulielewa.

Hapa Kiswahili chetu cha Kongo kinatusaidia sana, na sielewi kwa nini baadhi yetu wanakionea haya. Makumi mbili na tatu: kumi mbili, na tatu juu yake. Jina linasema kilichomo kwenye mafungu. Kitabuni mtoto atakutana na ishirini na thelathini, na mwalimu atasema vingt na trente. Majina hayo anapaswa kuyajua yote, lakini hayamwonyeshi kitu mpaka awe ameona mafungu. Kifaransa tulichoachiwa na Wabelgiji kimetuhurumia kwa septante (70) na nonante (90), ila quatre-vingts (80, neno kwa neno "nne ishirini") imebaki, na mtoto anayeisikia kwa mara ya kwanza anaweza kabisa kuandika 420. Kwa hiyo ushauri wangu: namba ya kwanza iingie kwa lugha ya nyumba, iwe Kifuliiru, Kivira, Kibembe au Kiswahili, na iingie kwa mafungu ya makumi; jina la Kifaransa lifuate likiwa jina la kitu kinachojulikana. Sheria ya elimu ya taifa ya Februari 2014 yenyewe inazipa lugha za taifa na za mazingira ya mtoto nafasi katika shule ya msingi. Mzazi anayekataza Kiswahili wakati wa hesabu ili mtoto awahi Kifaransa anampa mizigo miwili kwa wakati mmoja, na mtoto ataiangusha yote.

Kuna kosa moja litakuja tu, hata mfanye vizuri namna gani. Mtoto anasikia makumi tatu na tano, anaandika 30, anaweka 5 mbele yake: 305. Kwa masikio yake yuko sahihi. Usimpe maelezo marefu. Kata gamba la daftari lililokwisha, tengeneza kadi ndefu za 10, 20, 30 hadi 90, na kadi fupi za 1 hadi 9, nusu ya urefu wa zile ndefu. Achukue 30, kisha aweke kadi ya 5 juu ya ile sifuri. Sasa inasomeka 35. Ainue 5: chini yake sifuri ipo, na 30 haijaenda popote. Watoto hupenda kuinua na kufunika kadi hiyo mara nyingi bila kuchoka, na ukiongeza kadi za mamia, zinafaa pia kwa mtoto wa mwaka wa pili.

Baada ya hapo, kumi yenyewe ivunjwe. Chukua maharagi kumi na kikombe. Mtoto afumbe macho, ficha kadhaa chini ya kikombe, afumbue: nje yako saba, ndani yako mangapi? Mwanzoni atahesabu vidole. Mchezo huu ukichezwa dakika tano kila siku, jioni wakati chakula kipo motoni, jozi zote za kumi zitakaa kichwani: saba na tatu, sita na ine, nane na mbili. Nimeweka mkazo kwenye jozi hizi kwa sababu ndizo zinazofungua mlango wa kujumlisha. Mtoto anayezijua, ukimpa 8 + 5, hatahesabu kuanzia moja. Atachukua 2 kutoka kwenye 5, ajaze kumi, abaki na 3: 13. Mwonyeshe kwenye mchanga. Chora mistari ya vijumba kumi, safu mbili za vitano. Weka mawe nane, vijumba viwili viko wazi. Mawe matano mengine yaanze kwa kuziba hivyo viwili, matatu yabaki nje. Wenye bao la mashimo nyumbani watumie bao, maana kete zikitawanywa shimo kwa shimo mtoto anafanya mazoezi yaleyale huku akicheza na yaya wake, yaani kaka au dada mkubwa.

Angalia pia kosa hili dogo. Mtoto anaambiwa 8 + 3, anasema "nane, tisa, kumi," na kujibu 10. Ameihesabu nane tena, ilhali ilikwisha kuhesabiwa. Mwambie aiweke nane kifuani kwa kiganja, kisha kila kijiti kinachoongezeka kipate jina lake: tisa, kumi, kumi na moja.

Kutoa ndiko kwenye machozi mengi. Tuchukue 42 − 17, hesabu ya kawaida ya mwaka wa pili. Mtoto wa karanga angeandika 35: saba haitoki kwenye mbili, akageuza. Weka kalamu chini. Toa mafungu manne na vijiti viwili. Mwambie akupe kumi na saba. Fungu moja atakupa mara moja. Vijiti saba hana. Anavyo viwili tu. Nyamaza. Mwache atazame. Wengi, bila kuambiwa, watauliza, "Nifungue?" Ndiyo, fungua. Uzi unatoka, vijiti kumi vinaungana na viwili, anatoa saba, vinabaki vitano, na mafungu mawili. 25. Hapo ndipo kile ambacho mwalimu anakiita kukopa kinapopata maana. Kilikuwa ni kufungua fungu siku zote. Kesho yake fanyeni tena, ila sasa kila tendo la mkono liandikwe: fungu likifunguliwa, 4 inafutwa, inaandikwa 3, vijiti vikiwa kumi na viwili, inaandikwa 12. Karatasi inafuata mkono. Baada ya siku kadhaa vijiti vitabaki kwenye kopo vyenyewe.

Kuna njia nyingine, ile ya sokoni, na usiiite ya wajinga. Kutoka 17 kwenda 20 ni 3. Kutoka 20 kwenda 40 ni 20. Kutoka 40 kwenda 42 ni 2. Jumla 25. Ndivyo muuzaji anavyorudisha pesa, akipanda kutoka bei hadi noti aliyopewa. Mwalimu anaweza kudai ile ya juu na chini, naye ana haki, kwa sababu mtihani utaidai. Basi mtoto aandike ya mwalimu, ahakikishe kwa ya sokoni. Yule wa 1600 angehakikisha hivyo mara moja, angejua mwenyewe kuna kitu kimeharibika kabla ya kalamu nyekundu kumfikia.

Na mafungu ya nyanya? Hayo ni kuzidisha. Mama anayepanga nyanya tano tano juu ya gunia ameandika jedwali la tano bila chaki. Mafungu matatu ya tano: ngapi? Mafungu matano ya tatu je? Apange, aone kwamba fungu limebadilika ila nyanya ni zilezile 15. Wenye kuchota maji wana hesabu nyingine mlangoni: bido la mtoto lita 5, la mama lita 20. Mara ngapi ataenda na dogo ili kubwa lijae? Mabido matatu makubwa ni lita ngapi? Makumi mbili, makumi ine, makumi sita. Baada ya haya yote, kuimba jedwali hakuna ubaya. Mimi si miongoni mwa wanaodharau kukariri: mtoto asiyekumbuka 6 × 7 atachoka njiani kabla ya kufika kwenye swali lenyewe. Ila wimbo uje baada ya mafungu, uanze na la 2, la 10 na la 5, na ukatizwe hapa na pale kwa swali: nionyeshe hiyo tatu mara ine kwa maharagi.

Hapa lazima niseme jambo bila kuzunguka. Kusifu hesabu ya sokoni si kumpa mtu ruhusa ya kumtuma mtoto kuuza saa za masomo. Mtoto wa Recife aliyepata 350 kwa nazi kumi alikuwa hodari, lakini biashara yake haikumpa njia ya kuandika hesabu ya nazi elfu, wala ya kupima shamba, wala ya kuchanganya dawa. Soko lina namba zake chache zinazorudi kila siku. Shule ndiyo inayompeleka kwenye namba asizowahi kuziuza. Mtoto aende shule, na jioni akiwa karibu na biashara ya mama, aulizwe.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko wingi wa maswali. Dakika kumi hadi kumi na tano zinatosha kwa mtoto wa mwaka wa kwanza, mchana ukiwa bado upo, maana umeme wetu mnaujua. Mtoto anayesoma zamu ya mchana afanye asubuhi kabla hajachoka. Fimbo ikae mbali kabisa. Mtoto anayeogopa hufanya jambo moja tu: anakutazama usoni akitafuta jibu huko. Utamwona anasema "saba?" kisha "nane?" akifuata nyusi zako. Dawa ni kumuuliza, "Umejuaje?" Na aulizwe hivyo hata akipatia, la sivyo atajua kwamba swali hilo maana yake amekosea. Yaya wa nyumbani, yule wa mwaka wa tano au wa sita anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, ndiye mara nyingi anayeachiwa kazi hii, naye hupenda kutoa jibu haraka ili arudi kwenye mambo yake. Mfundishe yaya sentensi mbili tu, "Umejuaje?" na "Nionyeshe kwa vijiti." Atamsaidia mdogo wake, na mwenyewe atafaidika.

Kwa mama anayesema, "Mimi sikusoma, nitamsaidia nini?" Mama, wewe uko kwenye likelemba. Wanawake kumi, kila mmoja franka 5,000, na unajua kwamba siku yako utapokea 50,000, unajua nani hajatoa, unajua zimebaki wiki ngapi zamu ifike kwako. Hiyo ni hesabu, tena si ndogo. Mketishe mtoto kando yako siku ya kuchanga. Zungumza kwa sauti unachokifikiria, na mtoto akiandike yeye anayejua kuandika. Mmoja ana hesabu, mwingine ana kalamu.

Na watoto wajue kwamba kuchora alama za kuhesabia si jambo lililoletwa kwetu na meli. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alifukua mfupa mdogo huko Ishango, kaskazini mwa Kivu, pale mto Semliki unapotoka ziwa Edward. Una alama zilizochongwa kwa makundi, safu tatu, na umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000 hivi. Wataalamu hawajakubaliana zilihesabu nini. Lakini jumla ya alama za safu mbili ni 60 kila moja, ya tatu 48, na mtoto wa mwaka wa pili anaweza kuhakikisha mwenyewe: safu moja ina makundi ya 11, 13, 17 na 19. Mfupa uko Brussels. Hesabu yake inaweza kufanywa Kalundu, hapa Uvira, kwa vijiti vya matete.

Neno kwa walimu, kwa ufupi, maana ninyi mliopita kwenye humanités pédagogiques mnajua mengi kuliko ninavyoweza kuwaambia. Njia ya La Martinière bado ni silaha nzuri kwa darasa kubwa: swali, kimya, kila mtoto anaandika kwenye kibao chake, ishara inapigwa, vibao themanini vinainuliwa pamoja. Inachokosa ni hatua moja. Vibao vikiwa juu, tafuteni viwili vyenye majibu tofauti, na kabla ya kusema lipi ni sahihi waulizeni wenye vibao walifikaje hapo. Na kila mtoto akileta vijiti vyake kumi, darasa la 80 lina vijiti 800: mafungu themanini ya kumi, yanayofungwa tena kuwa mafungu makubwa manane ya mia. Hakuna kitabu kitakachoionyesha mia vizuri kuliko hilo, nalo halihitaji bajeti.

Bilite ikija nyumbani, asilimia iliyoandikwa chini haitakuambia la kufanya. Omba daftari. Kama hujui kusoma, kaa na yaya. Tafuteni hesabu tano zilizokosewa na mwombe mtoto azifanye tena mbele yenu kwa sauti, bila kumsahihisha, mkisikiliza tu. Akikosea kwa moja, jibu likawa 10 badala ya 11, rudini kwenye kiganja kifuani. Akiandika 305, tafuteni zile kadi. Jibu la kutoa likizidi alichoanza nacho, fungueni kopo la vijiti. Akipatia zote tano mbele yenu ilhali darasani alizikosa, nenda kamwone mwalimu, kwa heshima, na umuulize mtoto anakaa wapi: nyuma, ambako ubao hausomeki, au karibu na dirisha la barabarani. Wakati mwingine hesabu haina tatizo lolote, macho ndiyo yanayohitaji kupelekwa hospitali.